Mrithi wa Kwenye Karatasi



Kwa muda mrefu twasikia barazani na katika mabasi kwamba wageni wametunyang'anya kazi za ustadi, na kwamba dawa yake ni kuwafungia mlango. Sisi makarani, ambao maombi ya vibali vya kazi hupita mikononi mwetu, twaomba ruhusa kusema kwamba shauri hili halikukaa hivyo. Kosa kubwa haliko mlangoni. Liko ndani ya nyumba.

Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 yamtaka mwajiri aonyeshe kwanza kuwa amemtafuta mwenyeji mwenye ujuzi asimpate. Kisha atoe mpango wa urithishaji, yaani mwenyeji afundishwe kazi ile hata aweze kuishika mgeni atakapoondoka. Ilipotungwa, kibali kiliwekewa miezi 24, tena pamoja na nyongeza zake kisizidi miaka 5. Basi ni wazi kwamba Bunge halikumwona mgeni kuwa mwenye kiti, bali mwalimu mwenye muda wake.

Na tutazame mpango ule uandikwavyo. Tuliwahi kukutana na kijana ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa kuwa mrithi wa mhandisi wa mitambo, katika kampuni ambayo hatutaitaja. Tulimwuliza amefika wapi katika mafunzo. Alicheka, akasema hakujua kama yeye ni mrithi wa mtu. Kazi yake ilikuwa kupokea vipuri ghalani na kutia sahihi. Mitambo ilipoharibika, wenyeji waliambiwa watoke nje hata mgeni amalize. Muda ulipokwisha mwajiri aliandika kwamba mwenyeji "bado hajafikia kiwango", akaomba nyongeza. Naye alisema kweli! Mtu atafikiaje kiwango cha kazi asiyoonyeshwa?

Wapo watakaosema kwamba mgeni hawezi kufundisha, kwa kuwa akifundisha atapoteza riziki yake. Hatumlaumu sana, nasi pengine tungefanya vivyo hivyo. Lakini si kweli kwamba jambo hili haliwezekani. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi, ilijengwa tangu 1970 hata 1975 na makumi ya maelfu ya Wachina pamoja na wenyeji, na wakati ujenzi ukiendelea vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi ya reli. Reli ile imepata dhiki nyingi baadaye, hatukatai. Lakini mafunzo yalipangwa pamoja na mataruma, wala hayakuachiwa hiari ya mgeni mmoja mmoja.

Sasa lililo gumu kwetu kulisema. Mipango hii ya karatasini imepita mbele ya macho yetu. Tumehesabu viambatisho: nakala ya pasipoti ipo, vyeti vipo, picha zipo, ada imelipwa, mpango wa urithishaji upo, tukapeleka mbele. Hatukuuliza mrithi huyo ni nani, wala anafanya kazi gani tangu asubuhi hata jioni. Wenzetu wengine husema karani hana mamlaka ya kuuliza. Yawezekana. Lakini karani aweza kumwandikia mkubwa wake maelezo mafupi kwamba jambo hili lina mashaka, na kalamu hiyo hatukunyang'anywa na mtu.

Kwa hiyo twapendekeza mkutano mkuu ujao upeleke ombi kwa Kamishna wa Kazi, kwamba nyongeza ya kibali isitolewe mpaka mrithi mwenyewe ameitwa, pasipo mwajiri wake kuwapo, akaulizwa alichofundishwa, na kukifanya mbele ya fundi anayekijua. Akishindwa kwa uvivu wake, aandikwe mwingine. Akishindwa kwa kuwa hakuonyeshwa kitu, mwajiri ajibu. Na ikiwa kwa kweli hapatikani mwenyeji wa kurithi, yaandikwe hayo pia na vyuo vyetu vipewe habari, maana mgeni wa namna hiyo twamhitaji, na kumfukuza ni kujiumiza wenyewe.

Matawi yanayokubali, au yanayopinga, na yamwandikie katibu kabla ya siku ya mkutano.