Pete ya Uzazi Yataka Daftari

Njia za kupanga uzazi zilizozoeleka katika visiwa vyetu ni vidonge, sindano, vijiti vya mkononi na kitanzi. Ipo nyingine ambayo masikioni mwa wengi bado ni ngeni, nayo ni pete laini ya plastiki ambayo mwanamke huiweka mwenyewe ukeni, ikatoa homoni humo kidogo kidogo. Tunaizungumza leo bila ya haya isiyo na faida, kwani ni njia njema inayoweza kuharibiwa na uzembe wa watu wawili: mtumiaji asiyehesabu siku, na mtunza bohari asiyeangalia joto.

Pete ya mwezi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, ina upana wa milimita 54. Homoni zake mbili huzuia yai kutoka, na huufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito hata mbegu za mume zisipenye. Hukaa ndani wiki 3, hutolewa kwa wiki 1 ambamo hedhi hushuka, kisha huwekwa mpya siku ile ile ya juma. Wakiitumia wanawake 100 kwa mwaka mzima bila ya kosa, hata mmoja hatarajiwi kushika mimba. Wakiitumia kama binadamu wanavyotumia vitu, kwa kusahau na kuchelewa, huweza kushika mimba kiasi cha 7. Tofauti hiyo huletwa na matunzo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye pete hana budi aandike siku aliyoiweka na siku ya kuitoa, na mume naye aijue hesabu hiyo, kwani mtoto ni wa wote wawili. Mikono ioshwe kabla ya kuigusa. Ikianguka, isafishwe kwa maji baridi au ya uvuguvugu, kamwe si ya moto, na irudishwe kabla ya saa 3 kupita. Zikipita saa 3 katika wiki ya kwanza au ya pili, irudishwe vivyo hivyo, lakini itumiwe kondomu kwa siku 7. Likitokea hilo katika wiki ya tatu, pete hiyo itupwe, kondomu itumiwe, na muuguzi aulizwe lini iwekwe mpya. Iliyokwisha kazi ifungwe katika pakiti yake na kutiwa katika taka. Isitupwe chooni wala baharini.

Liko pia suala la Ramadhani ambalo wanawake wengi huona haya kuliuliza. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, kuingiza kitu katika tupu mchana kunafunguza saumu. Kwa hiyo mfungaji aipange siku ya kuweka pete iwe usiku, na lenye kumtatiza amuulize sheikhe wake mapema.

Aidha, pete hii haimfai kila mtu. Mwenye shinikizo la damu, aliyewahi kupata damu iliyoganda mguuni au mapafuni, na mvutaji sigara aliyefika umri wa miaka 35, watafutiwe njia nyingine. Anayetumia rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu amweleze muuguzi, kwani dawa hiyo huipunguza nguvu pete. Mama aliyejifungua karibuni na ananyonyesha naye asipewe pete ya mwezi. Ipo pete ya wanyonyeshao, yenye projesteroni peke yake, iliyokubaliwa nchini Chile tangu mwaka 1998. Kila moja hukaa miezi 3, na hutumika mpaka mtoto atimize mwaka. Wote wakumbuke kwamba hakuna kati ya pete hizi izuiayo UKIMWI.

Sasa tugeukie upande wa Serikali. Pete ya mwezi, kabla ya kukabidhiwa mtumiaji, hutakiwa kukaa katika friji, baina ya nyuzi 2 na 8. Ikishatoka hudumu miezi 4 tu, na haitakiwi kuwekwa penye joto linalopita nyuzi 30. Nani kati yetu asiyejua kwamba miezi ya kaskazi mchana hupita kiwango hicho? Na nani aliyesahau kwamba mwaka 2008 Unguja ilikaa takriban mwezi mzima gizani kwa kukatika umeme utokao Bara, na kwamba giza hilo lilirudi Disemba 2009 hadi Machi 2010?

Tunayasema haya kwa sababu mwanamke wa Kojani au Tumbatu anaweza kuhesabu siku zake kwa uaminifu wote, kumbe pete aliyopewa ilikwisha kuungua katika kasha bandarini. Akishika mimba, ataambiwa kuwa ni mzembe, na jirani zake watakimbia njia zote za uzazi wa mpango.

Kwa hivyo tunawataka wahusika wa afya wasiipeleke pete ya mwezi katika kituo chochote kisicho na friji inayofanya kazi na umeme wa akiba. Tarehe ya kuitoa katika friji iandikwe juu ya pakiti, na mtumiaji apewe moja moja, asirundikiwe za miezi minne katika nyumba ya bati. Maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili. Kwa vituo vya mbali, itazamwe pete ya mwaka iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018: hiyo haihitaji friji, na hutumika kwa mizunguko 13, ikioshwa kwa sabuni laini na kuhifadhiwa katika kibweta chake kila baada ya wiki 3.

Mwanamke tunamdai daftari la siku. Naye ana haki ya kuidai bohari daftari la joto.