Usonji Lubumbashi: tuache kulaumu chanjo, tupime vumbi letu

Mama mmoja wa komine ya Katuba aliniambia kwamba hatapeleka mtoto wake wa pili kwenye chanjo ya surua. Wa kwanza ana miaka 6, hasemi, hapendi kuguswa. Waganga wa hospitali walimwambia ni usonji, yaani otisimu. Majirani wanasema ni ulozi. Yeye anasema ni chanjo.

Uchungu wake nauelewa. Lakini juu ya chanjo siko pamoja naye. Hofu hiyo ilienea kutoka Uingereza mwaka 1998, Andrew Wakefield alipoandika juu ya watoto 12 tu. Mwaka 2010 jarida la Lancet lilifuta makala yake, naye akanyang'anywa ruhusa ya kazi ya udaktari. Huko Denmark, watoto zaidi ya 650,000 walifuatiliwa, na matokeo ya mwaka 2019 hayakuonyesha kwamba chanjo inaleta usonji. Kwetu Congo, janga la surua la 2019 liliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Basi mama, ukiacha chanjo, hatari tunaijua.

Hata hivyo, anapouliza kama kuna kitu katika mazingira kinachoumiza watoto wetu, ana haki. Wanasayansi wanasema usonji unatokana sana na urithi, lakini mazingira ya mimba nayo wanayachunguza, pamoja na hewa chafu. Na hapa kwetu? Mwaka 2009 watafiti walikuta kobalti nyingi katika mkojo wa wakaaji wa karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Mwaka 2020 utafiti uliofanywa Lubumbashi ulionyesha kwamba watoto wa baba wanaofanya kazi migodini wako katika hatari zaidi ya kuzaliwa na kilema. Utafiti huo haukuhusu usonji, wala tusiusemeshe yasiyo yake. Lakini unatosha kutuamsha.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wazazi, pelekeni watoto kwenye chanjo. Wachungaji, msiwaite watoto hawa walozi. Na serikali, pamoja na chuo kikuu, wapime damu ya wajawazito na vumbi la mitaa yetu, kisha watangaze matokeo kwa lugha tunayoielewa. Watu wasipopewa jibu la kweli, watashika lolote wanalolisikia kwa jirani.