Mkaratusi uliotoka motoni

Bila shaka umewahi kuona mkaratusi ukikatwa hadi chini, na baada ya muda si mrefu kisiki kikajaa machipukizi. Wengi wetu huuona mti huu king'ang'anizi, tena mnyonyaji wa maji ya chemchemi. Lakini huko kwao Australia, kwenye aina zaidi ya 700 za mikaratusi, ipo moja ambayo miti yake haifiki 100.

Aina hiyo, Eucalyptus imlayensis, huota mlima mmoja tu duniani: Mount Imlay, wenye kimo cha mita 886, karibu na mji wa Eden. (Si Edeni ile ya Adamu na Hawa!) Wataalamu waliipa jina mwaka wa 1980. Usitarajie mbao hapo. Ni kichaka cha mashina membamba yatokayo kwenye kitako kimoja.

Januari 2020, moto wa msituni ulivuka mpaka kutoka jimbo la Victoria ukaupanda mlima huo. Ungedhani ndio mwisho wa ukoo mzima. La hasha! Chini ya udongo kila kichaka kina kifundo kigumu, ambacho ndicho ghala lake la chakula. Juu pakiungua, kifundo hutoa machipukizi mapya.

Hata hivyo, tusishangilie upesi. Machipukizi hayo si miti mipya. Ni wazee wale wale waliovaa nguo mpya. Hesabu haiongezeki mpaka mbegu ziote na miche ikue. Tena kila jani jipya limetoka kwenye akiba ile ile. Moto mwingine ukija kabla ghala halijajazwa, kifundo kitachipua kwa nguvu gani?

Na yupo adui mwingine, ambaye hana moshi wa kumtangaza. Ni kiini cha maradhi kiitwacho Phytophthora cinnamomi, kinachoishi udongoni na kuozesha mizizi. Mkulima wa maparachichi hapa kwetu anakijua, hata kama hakijui kwa jina: ndicho huufanya mparachichi unyauke shamba likiwa na maji tele. Mlimani Imlay kimo tayari, na husafiri ndani ya tope la viatu. Hivyo anayekwenda kuyatazama machipukizi kwa furaha anaweza kuyaua kwa soli zake, asipozisugua na kuzitia dawa kabla ya kuanza kupanda.