Hodi kwa Asiyesikia



Katika vijiji vyetu vya Kabambare na Kasongo, hodi ndiyo ufunguo wa kwanza wa mlango. Mgeni husimama nje, huita, hungoja neno la "karibu", ndipo aingie. Desturi hii ni njema, lakini yategemea sikio peke yake. Je, kiziwi afanyeje? Mgeni mwenye adabu huita mara tatu, asipojibiwa huenda zake akidhani mwenye nyumba ana kiburi. Asiye na adabu huingia ghafula, akamshtua mama aliye ndani. Na usiku, paa la nyasi likishika moto, majirani hupaza sauti bure.

Uziwi si laana wala uchawi. Waweza kuletwa na surua, na homa ya uti wa mgongo, au na ugonjwa wa sikio usiotibiwa. Wala kumsaidia kiziwi si sadaka tu. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 49, yampa mwenye ulemavu haki ya kulindwa kwa kadiri ya mahitaji yake. Tena ipo sheria ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya haki hizo.

Huko Marekani, kanuni za ujenzi za mwaka 2010 zaagiza kwamba, katika nyumba za makazi zinazohusika nazo, angalau 2 kwa kila 100 ziwe na kengele ya mlango itoayo sauti na mwanga pamoja. Mwanga huo ukiwa katika chumba cha kulala, sharti pawe na njia ya kuuzima.

Nasi tusiseme kwamba mambo hayo ni ya matajiri. Kwanza, fundi apitishe kamba ukutani, na ndani aifunge kitambaa cheupe mahali mwenye nyumba anapoketi. Mgeni akivuta, kitambaa chacheza. Pili, mwenye taa ya jua aweke kitufe mlangoni. Taa iwake na kuzimika polepole, isizidi mara 3 kwa sekunde, maana mwanga wa kumetameta upesi waweza kumwangusha mwenye kifafa. Tatu, aliyelala huenda asiuone mwanga; basi kamba ya pili ifike kitandani, imtikise. Lakini ishara ya mgeni isifanane na ishara ya hatari, asije akachelewa kukimbia.

Haya yote yapatanwe na fundi kabla ya kusimamisha kuta, maana kutoboa ukuta uliokwisha kukauka ni kazi mara mbili. Na kwanza aulizwe kiziwi mwenyewe: wapi aketi, wapi apike, wapi alale.

Nanyi wanafunzi, wafundisheni wadogo zenu kuvuta kamba na kungoja. Hiyo nayo ni hodi.