Binti Anayekimbia Usiku Alale Wapi?

Shule zinapofungwa mwanzoni mwa Desemba, watoto wengi nchini huanza kuulizia nguo za Krismasi. Katika baadhi ya vijiji vya Tarime na Serengeti, mkoani Mara, wapo mabinti wanaopiga hesabu nyingine kabisa: watoroke lini, na nani atawaficha kabla ngariba hajafika. Kwa Wakurya, wazee wa inchama, yaani baraza la mila, ndio wanaoamua kama mwaka huu ukoo utakeketa. Wakishaamua, ngoma zinasikika, zawadi zinaandaliwa, na mtoto wa darasa la tano anabakiwa na siku za kuhesabika.

Likizo ndiyo inayoufanya mwezi huo uwe mgumu. Miezi mingine mtoto ana mwalimu wa kumnong'oneza. Desemba mwalimu hayupo, na waliobaki karibu naye, baba, shangazi na bibi, mara nyingi ndio hao hao waliokaa kupanga sherehe na kukadiria ng'ombe wa mahari.

Mwanaharakati Rhobi Samwelly anaijua hofu hiyo. Alikeketwa akiwa na miaka 13, akavuja damu hadi akakaribia kufa. Mwaka 2014 nyumba salama ya kuwahifadhi mabinti ilifunguliwa Mugumu, wilayani Serengeti, chini ya uongozi wake, na baadaye ikaongezeka nyingine Butiama. Upande wa Tarime kipo kituo cha Masanga, ambacho msimu ukifika hupokea mabinti kwa mamia.

Lakini kabla ya kupokewa, mtoto lazima afikiwe. Vijiji vingi vya Mara havikuonekana vizuri kwenye ramani, na anayepiga simu usiku kwa sauti ya chini hana jina la mtaa la kutaja. Tangu mwaka 2015, watu wanaojitolea katika mradi wa Crowd2Map wamekuwa wakichora njia na nyumba kutoka picha za setilaiti, huku wenyeji wakijaza majina ya maeneo kwa simu zao. Kazi hiyo ya kimyakimya imewapa polisi na waokoaji njia ya kufika kabla hakujapambazuka.

Januari kunakuja kazi nyingine, nzito zaidi. Wazazi wanaitwa mbele ya afisa ustawi wa jamii na polisi wa dawati la jinsia na watoto, wanaahidi kwa maandishi kwamba binti yao hatakeketwa, na wengi wa mabinti hurudi nyumbani. Laiti wanaosema nyumba salama zinavunja familia wangekaa katika vikao hivyo siku moja tu. Wapo, hata hivyo, ambao baba zao hukataa katakata. Kwa hao, kitanda cha wiki tatu hugeuka kuwa miaka ya chakula, sare, madaftari na mlezi wa kuamka nao usiku wakiota ndoto mbaya.

Nani alipie miaka hiyo? Tangu mwaka 1998, kwa mujibu wa sheria, anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18 anaweza kufungwa kati ya miaka 5 na 15, na adhabu hiyo hutajwa kwenye kila mkutano wa hadhara. Kinachotajwa kwa nadra ni kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kinachoipa halmashauri wajibu wa kumpa msaada na malazi mtoto aliyepotea, aliyetelekezwa au anayetafuta hifadhi. Binti aliyevuka mashamba gizani anatafuta hifadhi. Hata hivyo nyumba zinazomlaza zilianzishwa na mashirika na makanisa, na zinaishi kwa fedha za wafadhili. Huku ni kuwabebesha wasamaria deni la halmashauri.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wanawake waliokeketwa wamepungua hadi asilimia 8, kutoka 10 mwaka 2015-16. Mara bado ilikuwa kwenye 28, hivyo hitaji la nyumba hizo halijaisha.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, miezi mitano kabla ya msimu. Madiwani wa Tarime, Serengeti, Butiama na Rorya wana nafasi ya kutenga fungu la nyumba salama: vitanda, chakula, mlezi na gari la usiku. Na wewe msomaji unayemjua mtoto aliye hatarini, usisubiri bajeti. Piga 116, simu ni bure.