Gari Kuukuu Lataka Daftari



Mavuno ya mpunga yakiisha na fedha zikiingia mkononi, huku bondeni kwetu maneno huwa yale yale: "Tununue pikapu." Si maneno ya upuuzi. Toka Mlimba na Mngeta mpaka Ifakara, na ng'ambo ya mto, Lupiro, Malinyi na Mahenge, gari lenye nguvu ni msaada mkubwa. Tangu daraja la mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, lilipofunguliwa mwaka 2018, hatungoji tena kivuko. Mpunga hufika sokoni, na mama mwenye uchungu hufikishwa hospitali hata usiku.

Basi tuseme ndugu 3 wamechanga fedha zao, wakanunua Toyota Land Cruiser kuukuu, ya ile namna iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984. Wengi huitaka yenye injini ya 1HZ, ya dizeli, silinda 6, lita 4.2, iliyotoka mwaka 1990. Ni injini ya sifa. Nguvu zake zapata farasi 130, haina mambo mengi ya umeme, na fundi wa kwetu aweza kuifungua. Lakini sifa hiyo ndiyo iwadanganyayo watu. Husema, "Hiki ni chuma, hakifi." La, ndugu yangu, hufa. Hufa polepole, na mwenyewe yumo ndani anapiga honi.

Hebu tutazame linavyokufa.

Kwanza, maji. Difu likiwa la moto, gari likaingia katika maji ya masika, hewa iliyomo ndani ya difu hupoa ghafula na kupungua, ikavuta maji kwa kitundu cha kupumulia na kwa sili za oili. Oili hugeuka nyeupe kama chai ya maziwa, nayo meno ya gia yasagayo ndani ya chai hiyo hayadumu. Ukiisha kuvuka maji mengi, liache gari lilale. Asubuhi legeza nati ya chini ya difu. Yakitangulia maji, au oili ikiwa nyeupe, imwage yote, utie mpya.

Pili, joto na vumbi. Mbegu za nyasi na makapi ya mpunga huziba rejeta, injini ikachemka. Ioshe kwa maji ya taratibu, toka upande wa injini kuelekea mbele. Kiangazi, fungua filta ya hewa mara kwa mara, maana vumbi likiingia katika silinda hula ringi za pistoni. Na dizeli ya madumu usiitie kabla ya kuichuja. Maji na uchafu huharibu pampu na nozeli.

Tatu, mkanda wa taimingi. Katika injini hii hubadilishwa kila kilometa 100,000. Ukikatika njiani, pistoni hugonga valvu, na hasara yake hupita bei ya mkanda mara nyingi. Mwuzaji akishindwa kuonyesha ulibadilishwa lini, ubadilishe kabla ya safari ya kwanza.

Nne, mzigo. Tani 1 ni magunia 10 ya kilo 100. Ya lumbesa ni machache kuliko hayo. Lakini wapo wapakiao 20, na juu yake watu. Wengine hufunga na turbo katika injini isiyoumbwa nayo, mpaka kichwa cha injini kikapasuka kwa joto. Nguvu ya kwenda pasipo nguvu ya kusimama ni hatari. Mwendo ukizidi mara 2, breki huhitaji umbali mara 4 kulisimamisha gari. Nawe ushukapo kutoka Mahenge, tumia gia ndogo, wala usiyaachie mabreki kazi yote. Gari likibarikiwa na padre ni jambo jema, lakini oili ya breki ni juu yako kuitia.

Dawa ni nini? Nunueni daftari la shule, likae garini. Andikeni tarehe, kilometa, kazi iliyofanyika, na bei ya kila spea. Tena wekeni kisanduku. Katika nauli ya kila safari, fungu la gari litengwe kwanza, kabla ya ndugu kugawana. Fungu hilo si la mkubwa wala la mdogo, ni la matairi, oili na mkanda. Nyumba nyingi zimegombana kwa gari, na mara nyingi mzizi wake ni hesabu isiyoandikwa.

Maana siku yaja, usiku wa mvua, jirani abishe hodi: mkewe ameshikwa na uchungu. Hatauliza gari lenu lilibeba magunia mangapi. Atauliza kama litawaka.