Kesi za Kuigiza na Lugha ya Mshtakiwa

Katika vyuo vyetu vikuu, shughuli za nje ya darasa huchukuliwa na wengi kuwa pambo tu: jambo la kumpumzisha mwanafunzi baada ya mihadhara, au la kumwongezea mistari miwili mitatu katika wasifu wake atakapoomba kazi. Kwa mwanafunzi wa sheria anayeazimia kusimama mahakamani, mtazamo huu una kasoro kubwa. Uwakili wa mahakamani ni kazi ya ulimi na sikio kabla ya kuwa kazi ya kalamu, na ulimi haunolewi kwa kunakili mihadhara. Makala haya yanadai kuwa chama cha wanafunzi ni shule ya pili ya wakili, na kwamba hapa kwetu Kenya shule hiyo imeegemea Kiingereza kupita kiasi. Jambo hili linatuhusu sisi wa Kiswahili kuliko tunavyodhani.

Chimbuko la desturi hii ni Uingereza, na hatuna budi kuanzia huko. Nchini humo kazi ya uwakili imegawika mara mbili. Yupo solisita, ambaye kwa kawaida ndiye humpokea mteja, humwandalia hati na kumpa ushauri. Na yupo wakili wa mahakamani, ambaye aghalabu kazi yake ni kusimama mbele ya jaji na kutetea. Huyu wa pili sharti awe mwanachama wa mojawapo ya vyama vinne vya kale vya London: Lincoln's Inn, Inner Temple, Middle Temple na Gray's Inn. Katika karne ya 15 mwanafunzi wa vyama hivyo alijifunza sheria kwa kuishi, kula na kubishana na wakongwe wa kazi yake. Kesi ya kubuni ilitolewa ukumbini, vijana wakaitetea pande zote mbili, wazee wakaketi kama majaji. Ukumbi huohuo ulitumiwa kwa tamthilia. The Comedy of Errors ya Shakespeare iliigizwa Gray's Inn tarehe 28 Desemba 1594, na Twelfth Night ikaigizwa Middle Temple mwezi wa Februari 1602. Sisi tuliosoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka wa 1969, tukamwona Portia akiligeuza shauri zima kwa kuisoma hati ya Shylock neno kwa neno, hatuna sababu ya kushangaa kwamba mawakili na waigizaji walitumia chumba kimoja.

Desturi hiyo haikudumu katika ubora wake. Katika karne ya 17, enzi ya vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini humo, mafunzo ya kesi za kubuni yalififia, na kilichosalia kwa muda mrefu kikawa chakula. Mohandas Gandhi, aliyesomea uwakili Inner Temple na kuhitimu tarehe 10 Juni 1891, ameeleza katika tawasifu yake jinsi mwanafunzi alivyotimiza mihula kwa kuhudhuria idadi fulani ya chajio. Yeye, asiyekula nyama wala kunywa divai, hakuona faida ya karamu hizo. Mafunzo yake ya nje ya darasa aliyapata penginepo, katika Chama cha Wala Mboga cha London. Huko alichaguliwa katika kamati, akaandika makala katika jarida la chama, na akajaribu kusema mbele ya watu. Akashindwa. Siku moja hotuba aliyoiandika ilibidi isomwe na mwenzake. Aliporejea India na kupata kesi yake ya kwanza katika mahakama ndogo ya Bombay, alisimama ili amhoji shahidi, maneno yakamtoka kichwani, akaketi na kurudisha ada ya mteja.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu mara nyingi husimuliwa kama hadithi ya haya ya mtu mmoja. Nadhani kinasema pia kuhusu mfumo. Kijana alikuwa amefaulu mitihani, amekula chajio zote, na cheti anacho. Kitu ambacho hakupewa ni mahali pa kushindwa pasipo na mteja wa kuumia. Hapo ndipo thamani ya kesi za kuigiza ilipo. Mwanafunzi anayebabaika mbele ya jaji wa kuigiza hampotezei mtu uhuru wake wala shamba lake.

Waingereza walilitambua hilo, wakazirejesha kesi hizo. Siku hizi mwanafunzi wa uwakili huko hutakiwa kuhudhuria vikao kumi vya mafunzo vya chama chake kabla ya kukubaliwa, na vikao hivyo si vya karamu tupu. Vipo vya mihadhara, vya mazoezi ya utetezi na vya midahalo. Katika vyuo, vyama vya wanafunzi wa sheria huandaa mashindano ya kesi za kuigiza. Wapo wanaokaa siku chache katika ofisi za mawakili wakitazama kazi inavyofanywa. Wapo pia wanaojitolea katika shirika la Free Representation Unit, lililoanzishwa mwaka wa 1972, ambako wanafunzi waliofunzwa husimama mbele ya mabaraza ya masuala ya ajira na malipo ya ustawi wa jamii kuwatetea watu wasiomudu wakili. Hili la mwisho ndilo ninalolihusudu zaidi, maana linamlazimisha kijana aongee na mtu halisi aliyeachishwa kazi, asikilize masimulizi yake yaliyopinda huku na kule, kisha ayageuze kuwa hoja.

Mfumo wetu ni mtoto wa mfumo huo. Kabla ya miaka ya 1960, Mkenya Mwafrika aliyetaka kuwa wakili alisafiri kwenda Uingereza. Akina Argwings-Kodhek na Charles Njonjo walihitimu kwa njia hiyo. Mwaka wa 1961 kamati iliyoongozwa na Lord Denning ilitoa ripoti kuhusu elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika, na mwaka huohuo kitivo cha sheria kikafunguliwa Dar es Salaam. Chuo cha Mafunzo ya Sheria cha Kenya kikafuata mwaka wa 1963, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kufunza sheria mwaka wa 1970. Hatukuutwaa mgawanyo wa solisita na wakili wa mahakamani. Wakili wetu hufanya kazi zote mbili. Lakini joho tulilitwaa, na kesi za kuigiza tukazitwaa pamoja na lugha yake. Mwanafunzi wetu huota kufika katika mashindano ya Jessup, yaliyoanza mwaka wa 1960 na ambayo huendeshwa kwa Kiingereza, akabishane kuhusu sheria za kimataifa na mipaka ya bahari. Sina ugomvi na ndoto hiyo. Ila tujiulize: mwananchi wa kawaida atakutana naye wapi kwanza?

Atakutana naye katika mahakama ya hakimu. Na huko, kwa mujibu wa kifungu cha 198 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, lugha ya mahakama ni Kiingereza au Kiswahili. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Na kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Sheria basi haikufunga mlango. Anayeukwepa ni wakili, kwa kuwa hakuna aliyemzoeza kuupita. Aliyewahi kuketi katika mahakama kama hizo ameyaona: wakili anasema kwa Kiingereza, karani anafasiri kwa ufupi, mshtakiwa anaitikia kwa kichwa.

Kuitikia huko kunaweza kumfunga mtu. Mwaka wa 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao mahakama zetu zinaufuata hadi leo mshtakiwa anapoulizwa kama anakiri. Asomewe shtaka na kuelezwa viini vyake vyote katika lugha yake au lugha anayoielewa. Jibu lake liandikwe, kadiri inavyowezekana, kwa maneno yake mwenyewe. Akikiri, kiongozi wa mashtaka aeleze jinsi mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza lake. Naomba wanaisimu wenzangu wausome uamuzi huo, kwa kuwa kiini chake ni suala la maana na muktadha.

Tuchukue neno "kosa". Katika mazungumzo ya kila siku, kosa ni jambo lolote lisilo sawa: kusahau, kuteleza, kumjibu mzee vibaya. Mahakamani, kosa ni tendo lililokatazwa na sheria na kupangiwa adhabu. Mtu akiulizwa, "Unakubali kosa?" naye akajibu, "Ni kweli, nilimpiga," amekubali nini? Huenda amekubali kwamba ngumi ilirushwa. Huenda sentensi inayofuata, ambayo hakuna aliyeingojea, ni "lakini yeye ndiye aliyenijia na panga." Kisheria sentensi hiyo ni utetezi kamili wa kujilinda, na karani mwenye haraka akiiacha, ungamo limepatikana pasipo kuungama. Au tuchukue kipimo cha uthibitisho. Wengi wetu hufasiri kwamba upande wa mashtaka uthibitishe "bila shaka yoyote". Hiyo si sheria. Sheria inataka isiwepo shaka ya maana, shaka yenye msingi. Shaka ya kubahatisha haimwokoi mtu. Neno moja "yoyote" linaubadilisha mzigo wote. Vivyo hivyo "mshukiwa", "mshtakiwa" na "mdaiwa": magazeti yetu huyachanganya kila wiki, nasi tunaowasahihisha watu ngeli hatusemi kitu.

Hoja yangu basi ni kwamba chama cha Kiswahili na chama cha wanafunzi wa sheria katika kila chuo chetu chenye vyote viwili viandae kesi za kuigiza kwa Kiswahili, si mara moja kwa ajili ya picha, bali kila muhula. Wenzetu walete mambo ya kubishaniwa na sheria inayohusika. Sisi tulete istilahi, ukalimani na sikio la kukamata utata. Wahadhiri wa idara zote mbili waketi pamoja kama mahakimu, na alama zitolewe kwa hoja na kwa lugha. Sharti moja nalisisitiza: wakili asishinde kwa wingi wa methali. Tukiwaachia wapenzi wa ushairi miongoni mwetu uhuru wote, utetezi wa wizi wa kuku utatolewa kwa beti kumi na mbili za tarbia, na mshtakiwa atafungwa huku akipigiwa makofi.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, kwa mujibu wa sheria zetu za mwenendo wa kesi, ni Kiingereza. Ni kweli. Lakini kumbukumbu ambayo jaji wa rufaa huisoma huanzia kwa hakimu, na neno lililopotea chini halipatikani juu. Ya pili ni ya istilahi: kwamba Kiswahili hakijakomaa kwa kazi hii. Pingamizi hii imezeeka. A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa kitivo cha sheria cha Dar es Salaam, alitoa orodha ya istilahi za kisheria za Kiswahili mwaka wa 1968. Mahakama za mwanzo za Tanzania zimeendeshwa kwa Kiswahili kwa miongo mingi, na mwaka wa 2021 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi imebaki, bila shaka, na istilahi za huko hazifai zote huku. Ila istilahi hukomaa zikitumiwa na watu wanaopingana. Katika kamusi zitalala tu.

Kuna pingamizi ya tatu ambayo haitatamkwa, nayo ni yetu wenyewe. Vyama vingi vya Kiswahili vimefanana na London ya Gandhi: kimebaki chakula. Mwaka huanza kwa kukaribisha wanachama wapya, huendelea kwa ziara ya Pwani, na hufungwa kwa karamu yenye hotuba ya kukisifu Kiswahili, lugha ambayo msifu mwenyewe ataiacha mlangoni atakapoingia ofisi yoyote ya serikali. Sisemi ziara zifutwe. Nasema bajeti ya basi moja ingetosha kugharimia kesi za kuigiza za miaka kadhaa, maana kinachohitajika ni chumba, meza, majoho mawili ya kuazima na nakala za shtaka. CHAWAKAMA, inayowakutanisha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, ingeweza hata kutupatanisha na wenzetu wa Tanzania, watuonyeshe hukumu inavyoandikwa kwa Kiswahili chote.

Kesi ya kwanza nisingependa iwe ya katiba wala ya mauaji. Iwe ya kujibu shtaka tu: mtu mmoja, shtaka moja la kujeruhi, dakika ishirini. Mwanafunzi wa sheria asome shtaka kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Kiswahili alifasiri papo hapo pamoja na viini vyake vyote. Mwanafunzi wa tatu awe mshtakiwa, ajibu jinsi watu wanavyojibu, kwa kuzungukazunguka, na wa nne aandike. Kisha kilichoandikwa kisomwe kwa sauti, na mshtakiwa aulizwe kama hayo ndiyo aliyosema.